Ati heri Moi

Jumapili mpwa wangu, kijana wa miaka 22, amenitumia kavideo. Mzee Daniel arap Moi, rais wetu wa zamani hapa Kenya, amevaa suti, ua kifuani, rungu mkononi, anatembea polepole na nyuma kuna muziki wa kuliza watu, halafu chini imeandikwa "Mzee tulikukosea". Na yeye akaongeza yake: "Anti, heri Moi."

Nilikuwa na chai mdomoni, ikanipalia.

Sikumjibu hapo hapo juu najijua. Huyu mtoto amezaliwa Moi ashatoka Ikulu. Juni 2024 alikuwa barabarani na wenzake kwa maandamano, akala tiagasi, mwenzake mmoja akachukuliwa na watu wasiojulikana, akarudi baada ya siku kadhaa akiwa hasemi kitu. Kwa hivyo naelewa anatoka wapi. Hajampenda Moi huyu mtoto, amewachoka walioko, sasa anatafuta fimbo ya kuwachapia na ameokota ya kwanza kuiona. Shida ni kwamba fimbo yenyewe ndiyo ile ile, jameni.

Tulimwita Profesa wa Siasa, si ndio? Basi profesa huwa na wanafunzi, hebu tuwaite rejista. Kibaki, aliyekuja kuwa rais baada yake, alikuwa makamu wake miaka kumi, 1978 hadi 1988, alikuwa kwa hicho kiti Bunge lilipoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982. Uhuru ni mzee mwenyewe alimtoa mfukoni 2002 akatuwekea mezani, tukamwita Project, tukamkataa kwa kelele nyingi, halafu 2013 tukaenda tukampigia kura wenyewe akawa rais. Ruto, rais tangu 2022, alianzia YK'92, kundi la vijana la kumpigia Moi kampeni 1992, kijana mbichi kutoka chuo, enzi zile pesa za kampeni zilimwagwa hadi noti ya 500 ikabatizwa Jirongo, jina la mwenyekiti wao. Hata Raila, yule mpinzani ambaye Moi alimfungia bila kesi miaka na miaka, 2001 akamfanya waziri na 2002 akawa katibu mkuu wa KANU, chama cha Moi. Yaani hata wale aliowachapa waliishia kupata dawati darasani.

Sasa wewe unaniambia heri mwalimu kuliko wanafunzi. Mtu kuchukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, mamake kuzunguka stesheni moja hadi nyingine akiambiwa hatuna mtu wa jina hilo hapa, gazeti kuogopa kuandika, mbunge kuimba wimbo asioujua maneno ili asipoteze kiti, hiyo silabasi haikuandikwa 2024. Mzee mwenyewe Septemba 1984 aliwaambia mawaziri hadharani kwamba anataka waimbe kama kasuku, vile yeye aliimba wakati wa Kenyatta. Hakunong'ona. Na walipiga makofi.

Halafu kuna ile hadithi ya Nyayo House, jumba la serikali Nairobi, ambayo nikimwambia mtoto wa siku hizi ananiangalia kama namsimulia ya Abunuwasi. Wengi wenu mmepiga laini pale kutafuta pasipoti. Mimi pia. Nilikuwa nimeshika faili yangu, picha ndogo, risiti, nikawa nawaza kwamba chini ya hizi viatu zangu kuna vyumba vya giza ambamo watu walimwagiwa maji hadi wakashinda na kulala wamesimama ndani yake, wanapandishwa lifti juu kuhojiwa, wanapigwa, wanarudishwa majini. Wanyiri Kihoro alikaa huko siku 74 mwaka 1986. Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alikamatwa Februari 1987 na wiki chache baadaye alikuwa maiti. Kosa ni Mwakenya, kundi la siri la kupinga serikali, na Mwakenya ilikuwa chochote: kitabu kwa sanduku, jirani anayekuchukia, mzaha kwa baa. Na jina la jumba lenyewe ni Nyayo, wito wa Moi mwenyewe. Amani, Upendo na Umoja. Mtu akikuambia historia haina ucheshi mpeleke pale.

Walioteswa pale waliomba mahakama iwalipe, wengine wakashinda, wengine walikufa wakingojea hizo pesa. Kavideo hakakuonyesha hiyo, muziki ungeharibika.

Na simzungumzii hata mtu wa Wajir. Februari 1984, uwanja wa ndege wa Wagalla, wanaume walikusanywa juani siku kadhaa bila maji, wakapigwa risasi, na serikali ikasema waliokufa ni 57. Nenda ukamwambie mjane wa Wagalla heri Moi. Ama uwaambie waliokuwa kazini wakati kampuni ya Goldenberg inalipwa pesa za umma kwa dhahabu ambayo haikuwepo. Ama uje kwetu Molo, uniulize 1992 ilikuwa mwaka gani. Moi alikuwa ametuonya kwamba vyama vingi vitaleta vita vya kikabila, na kumbe alikuwa anajua vizuri kweli.

Sawa, sawa, najua mtakuja na yenu. Alijenga shule, kweli, mimi mwenyewe nimesoma kwa mojawapo. Majirani zetu wengi waliwaka na sisi hatukuwaka, ama tuseme tuliwaka kwa vipande. Na 2002 alitoka. Hii ndiyo inaniuma kuikubali. Alikaa pale Uhuru Park Desemba 30, watu wanamrushia matope, wanaimba yote yawezekana bila Moi, akakabidhi na akaenda kwake Kabarak. Kuna marais karibu na hapa hawajui hata barabara ya kwenda nyumbani. Lakini hebu tusizidishe, mtu ametawala miaka 24, katiba imemwambia muda umeisha, na bado akajaribu kutuachia mrithi, sasa tumpigie magoti kwa sababu alitii kipengele? Mimi nikitoka kwa nyumba ya kupanga kodi ikiisha hakuna mtu hunijengea mnara.

Babangu alikuwa mwalimu wa primari. 1988 ule mwaka wa kura ya mlolongo alipanga laini nyuma ya picha ya mtu wake kama kila mtu, mchana kweupe, chifu anakuangalia, mwajiri anakuangalia. Laini yao ilikuwa ndefu ikapinda kona ya shule. Ile nyingine ungeihesabu kwa vidole. Ofisa akatangaza fupi ndiyo ndefu. Na zaidi ya hapo, ilitangazwa imepita asilimia 70, kwa hivyo hata ile kura ya siri haikuja tena, mheshimiwa moja kwa moja Bungeni. Baba alirudi nyumbani akavua viatu, akaketi, saa ya habari ikafika, "Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo", akasikiliza hadi mwisho. Hakuzima redio. Kuzima redio pia jirani angesikia.

Hii stori sikuisikia 1988. Nimeisikia Krismasi iliyopita, mzee ana miaka themanini na kitu, tumeketi sebuleni kwake, na huyu huyu mpwa wangu ndiye aliyemuuliza, "Guka, kwani Moi alikuwa mbaya hivyo?" Baba akanyamaza kidogo. Halafu akamwambia, kafunge mlango kwanza. Moi alikuwa amezikwa Kabarak tangu Februari 2020, tumeona jeneza kwa TV, tumeona rungu ikikabidhiwa mwanawe Gideon, na babangu bado anafunga mlango.

Kumbe mlango haukumtosha kijana, juu ndiye huyo amenitumia kavideo. Basi jioni nikampigia. Nikaongea karibu nusu saa bila kupumua, yote haya niliyoandika hapa na mengine siwezi kuandika. Alinivumilia, ana adabu. Mwishowe akauliza, "Lakini Anti, maziwa si mlipewa bure?"

Tulipewa. Maziwa ya Nyayo, pakiti za pembe tatu, unatoboa kwa meno. Yalilipwa na kodi ya baba huyo huyo wa mlolongo, lakini nikiwa darasa la nne hiyo singeijua, nilijua yametoka kwa Moi na yalikuwa matamu. Mwaka huo tulisombwa kwa lori hadi Mau Summit kumngojea apite. Tulifika asubuhi umande bado, vijitawi mkononi, tukasimama kando ya lami, walimu wanatupanga mfupi mbele mrefu nyuma, jua likatupata hapo, wengine wakazimia wakavutwa kivulini, na hakuna maziwa siku hiyo. Saa nane hivi msafara ukaja. Haukusimama. Mkono ulitokea juu ya gari, vidole viwili labda vitatu vimeinuka, ukapita. Walisema atakayeshangilia vibaya ataonana na hedimasta, lakini mimi sikuhitaji kutishwa. Nilipiga kelele hadi nikapoteza sauti siku mbili.