Eneo likibana, acheni uwanja ujipinde

Kuna watu wakiona ramani ya uwanja unaotaka kujengwa katikati ya mji, huku reli huku nyumba za watu, jibu lao ni moja tu, hamieni nje huko kwenye mashamba. Mi nabisha. Ukimpa msanifu ekari zisizoisha atakuletea bakuli la duara limezungukwa na parking, shabiki yuko mbali na nyasi utadhani anachungulia mechi ya jirani. Mbane kidogo uone.

Uwanja wa La Bombonera wa Buenos Aires ulifunguliwa 1940, ardhi ikagoma upande mmoja, basi majukwaa ya pande tatu yakapanda juu kama ukuta na upande wa nne ukabaki mwembamba umesimama wima, na leo huo upande mwembamba ndo sura yenyewe ya uwanja. Aviva ya Dublin, 2010, upande wa kaskazini jukwaa limeshushwa chini kabisa kwa sababu nyuma yake kuna nyumba na watu wanataka mwanga wao. Hawakulazimisha duara, na hapo ndo nawakubali.

Ila kupanda juu nako kuna mwisho. Kila safu lazima inyanyuliwe kuzidi ile ya mbele ili usiishie kuangalia kisogo cha mtu, so kadiri unavyorudi nyuma ndo mwinuko unazidi kuwa mkali, na mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unashauri usizidi nyuzi 34. Ndo maana jukwaa la juu linaletwa mbele lining'inie juu ya la chini, unaokoa ardhi na shabiki anasogea. (Nyasi ndo zinalipia, jua halifiki, mnaanza kuzimulika na mataa.)

Sasa kitu ambacho zile picha nzuri za kompyuta hazionyeshi kamwe: watu wakitoka. Mwongozo huohuo unataka jukwaa liwe tupu ndani ya dakika 8, sawa, wametoka, wanaenda wapi? Mnawamwagia barabara ya njia mbili? Emirates ya London, uwanja wa Arsenal, 2006, imekaa katikati ya njia za reli, ikabidi wajenge madaraja ya miguu juu ya reli ndo watu wapite, na bado stesheni ya jirani, Holloway Road, siku ya mechi inabidi idhibitiwe maana haihimili ule umati. Halafu unakuta mtu anajadili rangi ya siti bhana.

Wengi wanaanza na namba, tunataka elfu 60, afu ndo wanahangaika kuisokomeza pale. Mi ningeanza mlangoni kwa stesheni narudi nyuma, upana wa barabara, madaraja, mageti, ngazi, na idadi itakayopita hapo bila kukanyagana ndo idadi ya siti. Ikitoka elfu 38, tunajenga elfu 38.