Tusi na kilulu

Asubuhi moja basi dogo lilikuwa likitoka Kenya (komini yetu hapa Lubumbashi, si ile nchi) kuelekea mjini. Wimbo wa dereva ulipofika ubeti wa pili ukataja viungo ambavyo havitajwi mbele ya wakubwa. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akapaza sauti: "Baba, funga hiyo! Niko na mkwe wangu hapa." Basi zima likamuunga mkono. Dereva akafunga, akaweka sauti aliyotumiwa kwa WhatsApp. Bwana mmoja, Kiswahili kizuri, mpole kama mwalimu wa katekesi, alikuwa akieleza kwamba wanaoshuka na treni za Kasai, eneo jirani, ndio wanaotumalizia kazi na viwanja, na iko siku wenye nyumba watafagia nyumba yao. Tusi hata moja hakutoa. Hakuna aliyesema funga. Tangu hapo najiuliza kipi cha kuogopwa zaidi hewani: tusi, au ujumbe wa chuki usio na tusi?

Wanaolalamikia matusi hewani si wazee waliopitwa na wakati. Haya, yaani kuona aibu, ndiyo inayowezesha watu wa makabila matano kupanga lupango (uwanja wa nyumba) mmoja na kuchota maji kwenye bomba moja. Mtoto aliyezoea matusi ya nguoni kwenye televisheni atamrushia jirani, na ugomvi wa watoto huamka kuwa wa wazazi. Tena matusi hayo hayagawiwi sawasawa. Mwanaume akigombea ubunge ataitwa mwizi. Mwanamke ataambiwa habari za mwili wake mpaka ajute kusimama. Hapo sijui nitenganishe vipi tusi na ujumbe, maana tusi lenyewe ndilo linalomfukuza.

Hata hivyo, neno lililoivunja Katanga, eneo letu hapa Kongo, halikuwa tusi. Lilikuwa bilulu. Katika Kiswahili chetu kilulu ni mdudu tu, neno la jikoni, mama humwambia mtoto aoshe mboga vizuri asije akala kilulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alilitumia hadharani kwa Wakasai, ambao wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioletwa tangu ukoloni kufanya kazi kwenye kampuni ya madini ya Union Minière na kwenye reli. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu, akachukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Hasira ilipokuja, neno lilikuwa tayari midomoni. Likasi mwaka huo, kisha Kolwezi 1993, watu walitolewa majumbani mwao. Mamia ya maelfu waliihama Katanga, na familia zikalala vituoni zikingoja treni.

Anayekutukania mama amekubali kwamba una mama, na kwamba una aibu ya kuguswa. Ndiyo maana unaweza kumjibu, hata kumshitaki kwa wazee. Kilulu hana mama. Hatukanwi, anafagiwa, na anayefagia hajioni mkosaji. Upande wa pili wa Ziwa Kivu, nchini Rwanda, redio RTLM ilitumia kwa Watutsi neno la jikoni vilevile, inyenzi, yaani mende. Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, Desemba 2003. Rufaa ya 2007 ilipunguza kifungo chake, lakini hatia ya uchochezi kupitia redio hiyo ikabaki.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua, naogopa zaidi yule bwana mpole. Ila dawa yake siioni kirahisi. Sheria dhidi ya ukabila tunayo tangu Juni 1966, na haikuzuia ya 1992, kwa sababu aliyepaswa kuisimamia mkoani ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kinshasa kuna tume ya kukagua nyimbo, na kazi hiyo inafanyika kwa sababu neno chafu linajulikana likisikika. Ujumbe hauonekani hivyo. Ukimpa mtawala ruhusa ya kufunga kila sauti "inayogawa watu", wa kwanza kufungwa atakuwa mwandishi aliyeuliza pesa za barabara zimekwenda wapi. Halafu yule bwana wa WhatsApp, tukiacha ule ufagio wake, aligusa jambo la kweli: kazi ni chache, almasi za Mbuji-Mayi huko Kasai hazilishi tena watu kama zamani, na vijana wanakuja kujitafutia huku. Ukimzima tu, anayemsikiliza atasema ukweli umefichwa.

Yule mama angeweza. Alikuwa na sauti, na basi zima lilikuwa limeshamtii mara moja. Lakini simlaumu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva kabisa, mkono wangu ungefika kwenye simu yake. Nilitazama nje mpaka tukafika mjini.