Uyahudi haukuishia kwenye Agano la Kale

Wasomaji wengi wa Biblia tunaamini tunawafahamu Wayahudi. Ibrahimu, Musa, Daudi, hekalu, kuhani na kondoo wake wa dhabihu: basi, ndio Uyahudi huo. Mimi naona hapo hatujafika hata nusu ya njia. Dini wanayoifuata Wayahudi wengi leo ilijengwa upya baada ya mwaka 70, Warumi walipoibomoa Yerusalemu pamoja na hekalu. Hekalu likiondoka, dhabihu imeondoka, na kuhani hana kazi. (Ukoo wa Haruni ungalipo, nao bado hubariki watu sinagogini, lakini ni kazi ndogo.)

Aliyeshika usukani ni rabi. Naomba tuache kumwita kasisi wa Kiyahudi. Rabi hatoi dhabihu wala haungamishi mtu, na hata sala ya jamaa haimhitaji: wakipatikana watu kumi waliokwisha baleghe kidini, sala inasimama. Yeye ni mwanazuoni wa sheria. Ukimfananisha na mufti utakuwa karibu zaidi.

Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, inasimulia kwamba rabi Yohanan ben Zakkai alitoroshwa Yerusalemu ikiwa imezingirwa, amelazwa ndani ya jeneza, wabebaji wakiwa wanafunzi wake Eliezer na Yehoshua. Akawaomba Warumi wamwachie mji wa Yavne na wanazuoni wake. Hoja za walimu wa zama hizo Yehuda HaNasi alizikusanya mnamo mwaka 200 katika Mishna. Mijadala juu ya Mishna ndiyo ikazaa Talmudi, ya Yerusalemu na ya Babeli, na hii ya Babeli ndiyo yenye uzito zaidi.

Humo wanafunzi wale wawili tunawakuta tena, safari hii wakibishania tanuri: linashika unajisi au halishiki? Eliezer yuko peke yake. Anaita ishara: mti unang'oka, mfereji unatiririka kinyumenyume, kuta za chuo zinainama. Wenzake hawatikisiki. Mwisho sauti inatoka mbinguni kumuunga mkono, ndipo Yehoshua anaposimama na kuijibu kwa maneno ya Torati yenyewe: "Si mbinguni." Sheria imekwisha kukabidhiwa watu, na wengi ndio wanaoamua. Na Mungu? Alicheka, akasema wanawe wamemshinda. Anayeuita Uyahudi dini ya sheria kavu hajakisoma kisa hiki, ingawa kina uchungu wake pia, maana Eliezer aliishia kutengwa na wenzake.

Jirani zetu wa Uganda waliipita njia hii wenyewe. Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, alianzisha jumuiya ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, karibu na Mbale mwaka 1919 akiwa na Biblia tu mkononi. Kalenda ya sikukuu na taratibu nyingine za marabi zilifika baadaye, kupitia Wayahudi wageni. Rabi wao, Gershom Sizomu, ilimbidi asomee urabi Los Angeles, akawekewa mikono mwaka 2008.