Mji wenye vifo vingi sio lazima uwe mji mgonjwa

Jamani nimekuwa nasoma ripoti za afya za miji ya Uingereza za miaka ya 1950, zile ambazo daktari wa afya wa mji alikuwa anaziandika kila mwaka, na kuna kitu kinaniuma kila nikiona watu wanazitaja. Mtu anachukua waliokufa mwaka ule, anagawa kwa wakazi, anapata vifo kumi na kitu kwa kila watu 1,000, basi hapohapo ameshahukumu, mji huu ulikuwa na afya na ule haukuwa nayo.

Angalia Eastbourne au Worthing, miji ya baharini kule kusini. Hakuna moshi wa viwanda, watu wakistaafu wanahamia huko, sasa mji ukijaa wazee misiba itakosaje kuwa mingi? Na watoto wanaozaliwa watakuwa wachache tu hata kama wenyeji wanaishi raha mustarehe. Halafu nenda Salford, mji wa viwanda kule kaskazini karibu na Manchester, mabomba ya moshi kila kona, nyumba zimebanana, ila vijana ni wengi kwa hiyo ile hesabu ya haraka inaficha shida yao. Na serikali ililiona hili, Msajili Mkuu wa vizazi na vifo akawa anaupa kila mji namba yake ya kuzidishia ili tofauti za umri ziondoke ndo ulinganishe. Imeandikwa mlemle kwenye ripoti, watu wanairuka!

Mi nikifungua ripoti naenda kwanza kwenye vifo vya watoto wasiofika mwaka mmoja, maana hapo wastaafu hawawezi kuvuruga hesabu. Mwaka 1900 England na Wales walikuwa wanazika watoto kama 150 katika kila 1,000 waliozaliwa, kufika 1950 wanazika kama 30, na katikati hapo wamepigana vita kuu mbili. Kila nikiisoma hiyo nawaza wale akina mama. Wengi wanaipa sifa huduma ya afya ya taifa iliyoanza Julai 1948, na ni kweli ilisaidia sana, lakini sehemu kubwa ya safari ilikuwa imeshatembewa, kulikuwa na maji safi, maziwa salama, wakunga waliosajiliwa tangu sheria ya 1902, chanjo ya dondakoo iliyosambazwa kwa nguvu kuanzia 1940, na dawa za salfa halafu penisilini zilizookoa akina mama na homa ya uzazi. Na wanawake wengi bado walikuwa wanajifungulia nyumbani, mkunga anafuata kwa baiskeli usiku wa manane.

Vizazi, yaani watoto wanaozaliwa, navyo hivyohivyo. 1947 vilifika kama 20 kwa kila watu 1,000, wanajeshi wamerudi, watu wanaoana, kufika 1955 vimeshuka hadi 15. Ukiuchukua mwaka 1947 peke yake kama kawaida ya mji umepotea kabisa.

Kwa hiyo ukitaka kuniambia mji fulani ulikuwa unaua watu wake, niambie kwanza wazee walikuwa wangapi na watoto wachanga walikufa wangapi, hapo tutaongea.