Msuli Ulivyonivua Heshima Mbele ya Mama Mkwe

Mtu ambaye hajawahi kukazwa na msuli wa kigimbi usiku wa manane asinicheke, yule aliyewahi acheke tu maana anajua. Hii siyo ganzi jamani, siyo ule mguu uliokaliwa ukafa. Hii ni nyama ya nyuma ya mguu inajikunja yenyewe inakuwa donge, ukiigusa ni jiwe kabisa, na vidole vya mguu vinaelekea chini vyenyewe bila kuomba ruhusa.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nimecheza mpira na vijana. Sisi timu ya vitambi, wao timu ya mapafu, na mimi nikapangwa winga eti kwa sababu zamani nilikuwa na spidi. Jasho likanitoka mpaka jezi ikawa ya kukamua, nikarudi, nikaoga, nikadondoka kitandani kifudifudi vidole vimechongoka. Na ndani tulikuwa na mgeni mzito, mama mkwe, kaja kutusalimia, amelala chumba cha pili ambacho ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule.

Saa nane usiku nikajinyoosha, ule mnyoosho mtamu wa katikati ya usingizi, unanyoosha mguu mpaka ncha ya kidole. Msuli ukaitika hapohapo.

Nilitoa ukelele ambao mpaka leo mke wangu anakataa kwamba ulikuwa wangu, anasema alijua ni paka wanagombana dirishani. Akaniuliza, "Baba nanii, umeota?" Mimi ninachoweza kusema ni "mguu, mguu, mguu" kwa meno yaliyobana, yeye akasikia mdudu, akaruka upande wa pili na shuka lote kalibeba. Nikabaki na bukta, tena ile ya zamani ambayo lastiki yake ilishastaafu. Nikashuka kitandani kwa mguu mmoja, mkono mmoja umeshika bukta, mwingine unapapasa ukuta kutafuta swichi, swichi sikuipata nikapata mlango, nikajikuta koridoni narukaruka gizani mpaka mwanga wa simu ukanipiga usoni.

Mama mkwe.

Sijui ni malezi au ni maumivu, nikasema, "Shikamoo mama." Mguu mmoja juu, bukta mkononi, saa nane usiku.

Akakaa kimya kidogo. "Marahaba baba. Unaenda wapi?"

Kabla sijajibu shemeji akatokea sebuleni alikokuwa amelala kwenye kochi. Huyu dogo ni daktari wa intaneti, hakuna ugonjwa ambao hajausoma nusu. "Tulia shemeji, hii naijua!" Akanikalisha chini, akaukamata mguu akavuta vidole kwenda chini kwa nguvu zake zote, yaani kulekule msuli ulikokuwa unataka kwenda. Watu husema wameona nyota mchana, mimi nimeziona ndani ya nyumba yenye dari. Mikono yote miwili ikaenda kwenye mguu. Bukta ikabaki haina msimamizi. Sielezi zaidi ya hapo, ila mama mkwe alizima tochi.

Sauti ikatoka gizani, na ndo nikakumbuka huyu mama kastaafu unesi. "Mwachie mguu wake! Unamkazia zaidi! Baba, nyoosha goti. Vidole vije usoni kwako, siyo chini. Vuta." Kuvifikia nivivute siwezi, kitambi kimekaa katikati, basi mke wangu akanitupia shuka, kisha akapitisha taulo kwenye unyayo akavuta ncha zote mbili kuja kwangu. Nikaliona lile donge linatetemeka chini ya ngozi, linagoma, linalegea kidogo, linagoma tena. Mama mkwe akaniamuru nisimame, kisigino sakafuni, uzito wote nikandamizie hapohapo. Dakika chache likaisha. Maumivu ya ndani yalibaki mpaka kesho yake, nikawa nachechemea, lakini ule ukichaa wenyewe uliisha.

Nikadhani tunalala. Wapi! Mama mkwe akavuta kiti, mahojiano yakaanza, mimi nimejifunga shuka. Unatumia vidonge vya presha vile vya kukojosha? Vya kolesteroli? Sukari umepima? Figo? Akanibinya miguu yote miwili analinganisha, akasema angekuta mmoja umevimba, una joto, umekuwa mwekundu na maumivu hayaachii, asingeleta habari za taulo, tungeenda hospitali usiku huohuo maana hilo linaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Huu wa kwangu ni ule unaokaza ghafla na kuachia, mara nyingi chanzo chake hata madaktari hawakipati, unawasumbua sana waliovuka miaka 50 na wajawazito. "Na wazee wanaojifanya vijana," akaongeza, akimwangalia mwanae badala ya kuniangalia mimi.

Nikauliza kama ni ukosefu wa maji. Akasema kunywa, hasa ukitoka jasho, ila usiulaumu upungufu wa maji peke yake, kuna watu wanakunywa vizuri na bado wanakazwa, msuli uliochoka ndo mshukiwa mkubwa.

Shemeji hakukubali kushindwa. Akasema kwinini inatibu. Mama akamgeukia: kwinini ni ya malaria, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaonya tangu 2006 watu wasiimeze kwa ajili ya misuli, inaweza kuangusha chembe za kugandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Na madini ya magnesiamu je? Akasema uchambuzi wa tafiti uliotoka 2020 unaonesha kwa watu wazima wa umri mkubwa haielekei kusaidia. Dogo akatupa karata ya mwisho, maji ya achari. Hapo mama akatikisa kichwa kidogo, kuna jaribio la 2010 ambapo yalifupisha mkazo, tena haraka kuliko chumvi ingeweza kufika kwenye damu, ikadhaniwa ule ukali unaamsha kitu kooni kinachotuliza neva. Shemeji akainuka kwenda jikoni kwa furaha, mimi nikamwambia mguu umeshapona kaka, kaa chini.

Dawa aliyoitaka yeye ni ukuta. Mikono ukutani, mguu mmoja nyuma umenyooka, kisigino kisinyanyuke, unaegemea mpaka kigimbi kivutike, kisha unabadilisha. Kila usiku kabla ya kulala. Uholanzi walijaribu, matokeo yakatoka 2012, watu wa zaidi ya miaka 55 wakajinyoosha vigimbi na nyuma ya mapaja kwa wiki 6, mikazo ya usiku ikapungua na maumivu pia. Kwa hiyo sasa nyumba nzima tunapanga mstari koridoni tunasukuma ukuta, hata shemeji, ambaye mke wangu alimfuma juzi anachomeka kipande cha sabuni chini ya shuka langu eti intaneti imesema kinazuia. Hakuna anayejua kinazuiaje, ila shuka linanukia.

Mama mkwe alikuwa aondoke asubuhi ileile, begi lilishafika mlangoni. Akalifungua. "Siwezi kumwachia mwanangu mwanaume ambaye kisigino hakigusi chini," akasema, na kila usiku anasimama nyuma yangu na tochi ya simu, anamulika kisigino. Bukta nimenunua mpya.