Sampuli zilichukuliwa na nani?

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anasomea shahada ya pili na utafiti wake ni wa nyuki. Mwaka jana aliniomba nimsindikize shambani kwa sababu mama yake hakutaka aende peke yake usiku. Ndiyo, usiku. Nyuki wetu hawa ukiwafungua jua likiwaka utatafuta pa kukimbilia. Basi tukapanda daladala hadi Gongo la Mboto, tukamalizia na bodaboda, tukaingia kwenye manzuki, yaani eneo la mizinga, ya mzee mmoja upande wa Kisarawe giza likiwa limeshatanda.

Kazi ilikuwa kuhesabu Varroa, utitiri mwekundu unaomganda nyuki mwilini. Unachota nyuki nusu kikombe, kama 300 hivi, unawatia kwenye chupa ya jemu yenye wavu mdomoni, unawamwagia sukari ya unga, unasubiri kidogo, halafu unatikisa juu ya sahani nyeupe. Utitiri unateleza na kudondoka pamoja na sukari. Nyuki wanabaki weupe kama vijana wa mashine ya kusaga, na ukiwarudisha mzingani wenzao wanawaramba mpaka watakate.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti yake, mistari mitatu. Pale gizani mambo yalikuwa mengine. Mzee alikuwa na bomba la moshi linalofuka makumbi ya nazi, na tochi aliyoifunga kitambaa chekundu, maana nyuki hawaioni rangi nyekundu. Mdogo wangu alipoinua kikombe, mzee akamshika mkono.

"Ngoja binti, mama yao yuko hapa."

Mimi niliona rundo la nyuki tu. Akawasogeza kwa unyoya wa kuku, na kweli malkia huyo, tumbo refu, anajipenyeza kuelekea ukingoni. Angechotwa na wale 300, akaumia ndani ya ile chupa, kundi lote lingeyumba na vipimo vya miezi iliyofuata vingeyumba nalo.

Ripoti ilipokamilika nikaisoma. Imeandikwa kwa Kiingereza, ila kwa lugha yetu inasema: "Sampuli zilichukuliwa usiku." Zilichukuliwa na nani? Kwenye shukrani yumo Mungu, wamo wazazi, yumo msimamizi, na mwishoni kabisa "wafugaji wote walioshirikiana nasi". Wote! Kama abiria wa daladala.

Nilimwambia mdogo wangu wazi kwamba sijapenda. Akajibu kwamba ndivyo wanavyofundishwa kuandika, na mzee alilipwa posho. Sawa, lakini profesa naye si analipwa mshahara? Mbona jina lake halikuondolewa?

Tena hili si jambo geni kwenye sayansi ya nyuki. François Huber wa Geneva, aliyetoa kitabu chake kuhusu nyuki mwaka 1792, alikuwa kipofu. Macho yake yalikuwa mtumishi wake, François Burnens. Walipotaka kuhakikisha kama kuna nyuki vibarua wanaotaga mayai, Burnens alishika kila nyuki wa mizinga miwili, mmoja mmoja, kwa siku 11, akipumzika pale tu macho yalipogoma. Tunayajua haya kwa sababu Huber mwenyewe aliyaandika, na jina la mtumishi akalitaja. Miaka zaidi ya 230 iliyopita! Bwana na mtumishi wake, enzi zile za mabwana.

Halafu mfano wa upande wa pili, na huu una harufu ya kwetu. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tabora. Mwaka uliofuata, huko Rio Claro, makundi 26 yakatoroka baada ya mtu kuondoa vizuizi vya kumzuia malkia asitoke kwenye milango ya mizinga. Wajukuu wa nyuki wale walisambaa Amerika ya Kusini mpaka wakafika Texas mwaka 1990. Katika masimulizi yale yule mtu wa vizuizi hakosekani. Mkono wa fundi ukikosea, unasimuliwa. Ukipatia, "sampuli zilichukuliwa".

Hata nyuki wa pwani yetu hii, kwa jina la kitaalamu Apis mellifera litorea, kwa desturi ya wanasayansi jina lake hufuatwa na "Smith, 1961", yaani aliyemwelezea kwa maandishi. Aliyepanda mti kumshusha hana nafasi kwenye desturi hiyo. Simlaumu Smith, kazi aliifanya.

Sidai kila anayebeba ndoo awe mwandishi wa makala. Dereva wa bodaboda wetu hakuomba, na mimi niliyeshika sahani huku nikitetemeka sistahili hata shukrani. Lakini mtu anayeamua kikombe kiingie wapi na kisiingie wapi, huyo yumo ndani ya utafiti.

Mdogo wangu sasa anaandika makala ya jarida. Nadhani alichoka kunisikiliza, maana wiki iliyopita tulirudi Kisarawe, mchana safari hii, tukakaa barazani mbali na mizinga, akamsomea mzee rasimu nzima akiitafsiri sentensi kwa sentensi. Mzee alisikiliza huku akisuka kamba. Walipofika kwenye jedwali akamkatiza.

"Hapo rudia, mwanangu. Mzinga wa saba umesemaje?"

"Kundi moja, tangu Januari hadi Juni."

"Siyo. Wale walihama Machi. Uliowapima Aprili ni wageni, waliingia wenyewe."

Mdogo wangu akaniangalia, akafungua kompyuta, akaanza kuutafuta mstari wa saba.