Tusimwambie mama "mnawishe mtoto" kabla ya kumfikishia maji

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibanio kidogo cha chuma, akikifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake. Jioni jua likishapoa aliniita nikae mbele yake. "Mjukuu wangu, hebu nitazame, kuna ukope unanichoma." Nautafuta, naung'oa, machozi yanamtiririka, anashusha pumzi. Baada ya wiki kadhaa unachomoza tena, mfupi na mgumu, na safari hii unachoma kuliko mwanzo.

Alikuwa na vikope, ugonjwa ambao wataalamu huuita trakoma. Bakteria wake huhama kutoka mtoto mmoja hadi mwingine kwa vidole, kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za wote, na kwa nzi wanaofuata tongotongo na kamasi. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena. Makovu yanajijenga ndani ya kigubiko cha jicho, na ukubwani ukingo wake unajikunja hadi kope zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanawake hupofuka zaidi kuliko wanaume, maana wao ndio wanaoshinda na watoto.

Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu ugonjwa huu ilijifunza kwetu Tanzania. Huko Kongwa, Dodoma, watafiti walichukua vijiji sita. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka, tetrasaiklini, na vijiji vitatu vikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: kwenye kampeni nyuso zilikuwa safi zaidi, na trakoma kali ilipungua. Halafu kikaja kijiji cha Kahe Mpya, Rombo. Karibu kila mtu alimeza azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, na maambukizi yakashuka kutoka asilimia 9.5 hadi asilimia 0.1 ndani ya miaka miwili. Matokeo hayo ya mwaka 2004 yaliwapa watu matumaini makubwa, na walikuwa na haki. Lakini katika kijiji kimoja cha Kongwa, ambako ugonjwa ulikuwa umekithiri, maambukizi yalishuka baada ya dawa kisha yakaanza kupanda tena.

Hapo ndipo pananiuma. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani una nguzo nne: upasuaji, dawa, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Dawa inatolewa bure na mtengenezaji, inafika kwa gari, inamezwa siku hiyo hiyo, na idadi ya waliomeza inaandikwa. Maji yanahitaji kisima, pampu, mabomba na fundi wa kurudi yakiharibika. Kwa hiyo nguzo mbili za mwisho tumezigeuza kuwa hotuba kwa akina mama. Nimeona shule yenye maandishi makubwa ukutani, "Nawa uso kila siku", na uwanja mzima hauna bomba hata moja.

Najua kunawa uso hakuhitaji maji mengi. Nimewanawisha watoto wa dada yangu, watatu, kwa kikombe kimoja cha chai, nikimimina kidogo kidogo kiganjani, na yakabaki. Elimu hiyo ni muhimu na iendelee. Ila mama aliyetembea saa mbili kwa dumu moja anagawa maji kwa ugali, kwa kunywa, kwa mgonjwa, kwa mbuzi, na uso wa mtoto utachafuka tena kabla ya saa sita. Kumwita mama huyo mchafu ni kumwonea.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Taarifa ya wilaya inapotaja watu wangapi wamemeza dawa ya vikope, mstari unaofuata utaje kaya ngapi za vijiji hivyo hivyo zinachota maji karibu na nyumbani. Na mganga mkuu wa wilaya akiulizwa kuhusu mstari wa kwanza, mhandisi wa maji awe amekaa pembeni yake, aulizwe kuhusu wa pili.